Bodi la Mbao Hula Mzigo wa Pikapu

Kila msimu wa karafuu unapokaribia, wanachama hupeleka pikapu zao kwa seremala zitiwe bodi la mbao: sakafu nene, mabenchi mawili, nguzo, paa, na keria juu ya paa. Shughuli hiyo ni njema, maana gari ile ile itachukua wachumaji asubuhi na magunia jioni, na msimu ukiisha itapakia abiria. Lakini liko swali ambalo aghalabu haliulizwi mpaka springi zimekwisha lala: bodi lenyewe lina uzito gani, na pikapu imebakiwa na nafasi ya kilo ngapi?

Kila gari ina kikomo kilichowekwa na mtengenezaji. Aghalabu utakiona katika bamba au karatasi iliyobandikwa kwenye nguzo ya mlango wa dereva, au chini ya boneti, au katika kitabu cha gari. Tafuta uzito wa juu kabisa wa gari pamoja na kila kilichomo. Toa humo uzito wa gari tupu. Kinachobaki ndicho chako, na humo humo ndimo wamo dereva, utingo, bodi, kamba, turubali na mzigo. Jina la “tani moja” alilokutajia muuzaji lisikutoshe, kwani majina ya namna hiyo ni ya sokoni.

Natufanye hesabu. Tuseme bamba linasema kilo 2,800, na gari tupu ni kilo 1,650. Umebaki na kilo 1,150. Dereva na mwenziwe ni kilo 140, basi zimebaki 1,010, nazo zatosha magunia 20 ya kilo 50. Sasa seremala ametia bodi la kilo 380. Zimebaki kilo 630: magunia 12, au kwa hesabu ya wazee wetu frasila 39. Magunia manane yamekwisha liwa na mbao kabla ya karafuu kupakiwa. Wala usidhani wachumaji ni wepesi kuliko magunia. Watu 12 wa kilo 60 ni kilo 720, yaani gari hiyo imepita kikomo kabla hawajachuma hata kikonyo kimoja.

Na kilo 380 si nyingi kwa bodi. Mvule uliokauka una uzito wa kilo 600 hivi kwa mita moja ya ujazo, na mbao mbichi huzidi. Juu yake ongeza misumari, boliti, vyuma vya pembeni na bati.

Wamarekani wanalijua jambo hili kwa njia nyingine. Kwao iko desturi ya kupachika kijumba kizima juu ya pikapu, chenye kitanda, jiko na tangi la maji, wakasafiri nacho. Vijumba vikubwa hupita kilo 1,500 vikiwa vitupu, na hapo ndipo wanunuzi wengi huteleza, kwa kuwa uzito unaotangazwa mara nyingi ni wa kijumba kikavu. Lita moja ya maji ni kilo moja. Tangi la lita 150 likijazwa ni sawa na magunia matatu ya karafuu. Sheria ya huko humtaka mtengenezaji wa pikapu inayofaa kubeba kijumba aseme si uzito tu bali na mahali pa kuangukia kitovu cha uzito huo. Hili la pili ndilo ninalotaka tulishike sisi wenye mabodi.

Bodi zetu huchomoza nyuma, kupita matairi, ili benchi liwe refu. Gari hapo huwa kama ubao wa pembea, na ekseli ya nyuma ndiyo gogo la katikati. Tuseme kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma ni mita tatu, nawe umeweka magunia sita, kilo 300, mita moja nyuma ya ekseli ya nyuma. Ekseli hiyo haitabeba kilo 300. Itabeba 400, na ile ya mbele itapunguziwa kilo 100. Nimewahi kupanda kilima katika gari iliyopakiwa hivyo. Dereva alikata kona, usukani ukawa mwepesi kama wa gari ya mtoto, nasi tukaendelea moja kwa moja hadi mtaroni. Tulishukuru kuwa ulikuwa mtaro tu. Kwa hiyo magunia mazito yaanze nyuma ya kibanda cha dereva, yakaribie nyuma baadaye, na keria ibebe vitu vyepesi, makanda na mikeka, si magunia.

Khasa nataka nitaje habari ya springi. Mtu akiona gari imekaa chini huongeza springi, ikanyanyuka, akaridhika. Kilichobadilika ni sura. Ekseli ni ile ile, beringi zile zile, na breki ni zile zilizotengenezwa kwa uzito ulioandikwa katika bamba. Tena springi ngumu humnyang'anya dereva onyo alilokuwa akilipata kwa macho. Kwenye miteremko yetu ya Pemba, mvua imenyesha na njia imeteleza, breki ndizo zitakazoulizwa.

Tairi nazo zina kikomo chao. Ubavuni, baada ya maandishi ya ukubwa, iko namba na herufi. Namba 100 maana yake tairi moja hubeba kilo 800. 104 ni kilo 900. 112 ni kilo 1,120, ikiwa imejazwa upepo unaotakiwa. Mwenye kutia nyuma tairi mbili za 100 kwa sababu zilikuwa rahisi amejiwekea kikomo cha kilo 1,600 kwa ekseli nzima, pamoja na uzito wa gari yenyewe unaoiangukia.

Karafuu mbichi pia hudanganya. Ikikauka hupoteza kama theluthi mbili ya uzito wake, basi usichukue hesabu ya magunia ya kupeleka kituoni ukaitumia kwa magunia yatokayo shambani.

Kuhusu kupima bodi, usingoje mizani ya magari. Ile ile ya kupimia karafuu yatosha, ikiwa utawahi kabla ya misumari. Funga mbao mafungu mafungu, pima kila fungu, pima na vyuma na bati, ujumlishe. Zikipita theluthi ya uwezo wako wa kupakia, mwambie seremala apunguze unene wa sakafu au afupishe mkia. Kisha aandike kwa rangi, ndani ya mlango wa nyuma, kilo za bodi na kilo zilizobaki, ili na dereva wa kukodi azione.