Kupanga au Kununua Nyumba: Swali la Askari

Askari wa jeshi au wa polisi hapa Uganda hupitisha sehemu kubwa ya utumishi wake katika nyumba isiyo yake. Aidha yumo kambini, au amepanga mjini karibu na kituo chake. Nyumba ya kambini hufuata kazi. Siku kazi inapokoma, funguo hurudishwa pamoja na sare. Kwa hiyo swali la kupanga au kununua nyumba linahusu mahali watakapolala watoto wake siku hiyo itakapofika.

Wapo wasemao kwamba kodi ya nyumba ni fedha iliyotupwa. Kauli hiyo yafaa ipimwe kwa hesabu. Tuchukue mfano wa nyumba inayopangishwa kwa shilingi 300,000 kwa mwezi, yaani 3,600,000 kwa mwaka, na ambayo bei yake ni shilingi 90,000,000. Askari akiinunua kwa mkopo wa fedha zote hizo, kwa riba ya asilimia 16, riba ya mwaka wa kwanza peke yake itakaribia shilingi 14,400,000. Hiyo ni mara nne ya kodi, na deni lenyewe bado halijapungua. Aidha, Sheria ya Wenye Nyumba na Wapangaji ya mwaka 2022 imeweka kikomo cha nyongeza ya kodi kuwa asilimia 10 kwa mwaka. Kwa askari anayeweza kuhamishwa kutoka Kampala hadi Moroto kwa amri ya siku moja, kupanga si upumbavu.

Hata hivyo, mpangaji asiyeweka akiba atastaafu akiwa mpangaji, na kodi haistaafu. Ndiyo maana askari wengi hununua kiwanja mapema na kujenga kidogo kidogo, kwa akiba yao au kwa vyama vya akiba na mikopo, kama vile Wazalendo kwa wanajeshi na Exodus kwa polisi. Njia hiyo ni njema, lakini hapo ndipo penye mtego.

Katiba ya mwaka 1995 inatambua aina nne za umiliki wa ardhi: wa kimila, wa kudumu, wa mailo na wa kukodisha kwa muda maalumu. Katika Buganda, ardhi ya mailo iliyotokana na Mkataba wa 1900 yaweza kuwa na watu wawili wenye haki juu yake: mwenye hati, na mwenye kibanja anayeishi hapo na kulipa busuulu. Anunuaye kibanja hajanunua hati. Na kwa sheria ya ardhi iliyorekebishwa mwaka 2010, mwenye kibanja anayetaka kuuza lazima kwanza ampe mwenye ardhi nafasi ya kukinunua. Vilevile, anunuaye hati hawezi kuwafukuza wenye vibanja halali aliowakuta. Analazimika kuziheshimu haki zao.

Basi kabla ya kutoa hata shilingi moja, askari na aende ofisi ya ardhi kuikagua hati. Na amwite mpimaji ahakikishe mipaka. Awaulize majirani na mwenyekiti wa kijiji ni nani hasa anayekaa pale. Kama ardhi ni ya kimila, awaone wazee wa ukoo. Na kama ni ardhi ya makazi ya familia, sheria inataka ridhaa ya mume au mke wa muuzaji. Bila ridhaa hiyo mauzo hayana nguvu.

Kazi hizi hazifanyiki kwa simu kutoka lindoni. Fimbo ya mbali haiui nyoka. Askari aombe likizo, afike mwenyewe pamoja na mwenzi wake, na mkataba uandikwe mbele ya wakili na mashahidi.

Ndugu wasikilizaji, kupanga leo hakuna aibu, mradi kila mshahara uache sehemu ya akiba. Aibu ni kukitoa kiinua mgongo chote kwa haraka ya wiki moja, kikanunua kesi badala ya nyumba.