Hesabu zikigongana, tuanze kuchunguza wapi?

Tuseme mkulima wa pamba hapa Songwa amepima mzigo wake nyumbani, akapata kilo 400. Kwenye mzani wa AMCOS zinaonekana 370. Nani mkweli? Kabla ya kumnyooshea mtu kidole, tujiulize kwanza tunataka kujua nini hasa, maana kila swali la hesabu lina njia yake ya kuchunguzwa.

Tukumbuke sakata la makinikia mwaka 2017, lililogusa migodi ya Bulyanhulu na Buzwagi. Serikali iliunda kamati mbili. Ya kwanza, chini ya Profesa Abdulkarim Mruma, ilitaka kujua makontena 277 yaliyozuiwa yana nini ndani. Ikachukua sampuli na kuzipima maabara. Ya pili, chini ya Profesa Nehemiah Osoro, ilikuwa ya wachumi na wanasheria. Yenyewe ilitaka kujua nchi imepoteza nini tangu 1998, hivyo ikapekua mikataba na nyaraka.

Kamati ya pili ilikadiria kuwa makontena yaliyosafirishwa miaka hiyo yote ni kati ya 44,277 na 61,320. Kampuni ya Acacia ilipinga matokeo hayo. Mzozo ulikuja kumalizwa kwa makubaliano na Barrick, yaliyotangazwa Oktoba 2019.

Funzo kwetu ni hili: sampuli ya leo inaeleza mzigo wa leo. Ukitaka kuitumia kuhesabu mizigo ya miaka 19, lazima uoneshe kwamba ya zamani ilifanana nayo.

Turudi kwenye pamba. Kama swali ni mzani, upimeni kwa kitu chenye uzito unaojulikana, au muwaite Wakala wa Vipimo. Mzani wa nyumbani nao upimwe.

Kama swali ni fedha za msimu mzima, mzani hautoshi. Kusanyeni stakabadhi za wakulima, mzilinganishe na daftari la chama, kisha muombe kusomewa ripoti ya ukaguzi ya COASCO.

Na kama swali ni kwa nini wanachama wananyamaza, daftari halitajibu. Ongeeni na mmoja mmoja nyumbani kwake, si mkutanoni mbele ya viongozi.

Ndugu msikilizaji, tunza stakabadhi yako. Bila hiyo, hata mkaguzi hodari atabaki na maneno matupu.