Kambi ya mabusha na siku ya tano

Watanzania wengi wanaijua Madimba kwa gesi. Gesi ya Mnazi Bay, iliyogunduliwa mwaka 1982 upande wa Msimbati, husafishwa katika kiwanda cha Madimba kilichozinduliwa mwaka 2015, kisha husukumwa kwa bomba hadi Dar es Salaam. Sisi wa tiba tunaijua pwani hii kwa jambo jingine pia. Kuanzia hapa kushuka hadi mdomo wa Ruvuma, kama ilivyo Lindi, Pwani na Tanga, mabusha na matende ni maradhi ya vizazi vingi. Ndiyo maana kambi za upasuaji huletwa katika mikoa hii, na ndiyo maana madaktari na wauguzi vijana huuliza wafanye nini wakitaka kujitolea. Jibu langu ni moja: kabla hujafunga begi, uliza nani atamwona mgonjwa siku ya tano.

Nitaeleza kwa nini, lakini tuanze na maradhi yenyewe. Huku pwani bado utasikia kwamba busha linatokana na kunywa madafu. Dafu halina kosa. Chanzo ni mnyoo mwembamba kama uzi, Wuchereria bancrofti, ambaye vimelea vyake huingizwa mwilini na mbu: Anopheles, yule yule wa malaria, na Culex anayezaliana kwenye maji machafu ya mashimo ya vyoo na mitaro. Minyoo ikikomaa hukaa kwenye mishipa ya limfu miaka 5 hadi 8 na kuiharibu. Mguu ukivimba tunasema matende. Maji yakijaa kwenye mfuko wa korodani, hilo ndilo busha. Kwa kuwa inahitaji kuumwa na mbu mara nyingi, tena kwa muda mrefu, wengi huliona ukubwani, wakiwa tayari na familia ya kulisha.

Tanzania Bara ilianza kugawa kingatiba ya ivermectin na albendazole mwaka 2000, ikianzia kisiwa cha Mafia. Dawa hizo husafisha vimelea vichanga kwenye damu ili mbu asipate cha kubeba. Maji yaliyokwisha kujaa haziyaondoi. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba wanaume milioni 25 duniani wana mabusha ya aina hii, na tiba yao ni kisu.

Kazi ya kambi huanza kwa kuchagua wa kupasuliwa, na hapo ndipo mtu mwenye haraka huumiza watu. Si kila uvimbe wa korodani ni busha. Unamwingiza mzee kwenye chumba chenye giza, mara nyingi darasa lililozibwa madirisha kwa makhanga, anafungua msuli wake, nawe unaweka tochi nyuma ya uvimbe. Maji hupitisha mwanga, uvimbe mzima ukawa mwekundu. Utumbo ulioshuka kwa ngiri haupitishi. Lakini busha la miaka mingi huwa na ngozi ya ndani iliyogeuka nene, mwanga ukagoma hata kama ni maji matupu. Kwa hiyo vidole lazima vifanye kazi: shika juu ya uvimbe, karibu na kinena. Vikikutana juu yake, uvimbe umeanzia kwenye mfuko. Vikikosa pa kukutana, na mzee akikohoa ukahisi kitu kinasukuma, hiyo ni ngiri. Apewe rufaa kwenda hospitali, na aelezwe kwa heshima kwa nini jina lake halikusomwa kwenye orodha. Hivyo hivyo kwa mwenye presha au sukari isiyotulia. Kumwambia baba aliyejificha kwa miaka kwamba leo hapasuliwi ni kazi ngumu kuliko kushona.

Upasuaji wenyewe mara nyingi hauchukui saa nzima. Kwa busha la minyoo, ukuta wa mfuko ukatwe na kuondolewa; kuugeuza tu na kuushona nyuma huacha nafasi ya maji kurudi. Vifaa vitakaswe kwa mvuke wa nyuzijoto 121 na muda uheshimiwe, hata foleni ikiwa imezunguka jengo.

Sasa siku ya tano. Damu ikivujia ndani, kwa kawaida huonekana ndani ya siku moja au mbili. Usaha hujitokeza baadaye, siku ya tatu, ya nne, ya tano. Wakati huo gari la wageni limeshavuka Mtwara mjini na picha zimeshasambazwa. Aliyebaki ni muuguzi wa zahanati, ambaye huenda hajui ganzi gani ilitumika wala nyuzi ni za kutoa au za kuyeyuka. Katika kambi niliyoipenda kuliko zote, muuguzi huyo alisimama nasi mezani tangu mgonjwa wa kwanza. Jioni tulimwachia rejista, nyuzi, shashi na dawa za vidonda, na kila mgonjwa aliondoka na tarehe ya kurudi kwa muuguzi huyo.

Kusini hii inaujua utabibu wa kukaa. Leader Stirling, Mwingereza aliyefika mwaka 1935 na kupasua wagonjwa huko Lulindi, Masasi, alifundisha wauguzi wa hapa hapa, na baadaye akawa Waziri wa Afya wa Tanzania. Wewe wa siku chache huwezi kukaa kama yeye, lakini kumfundisha muuguzi mmoja unaweza.

Majira nayo yaangaliwe. Kambi ya Oktoba inagongana na korosho: wengine hawatakuja, na wengine watabeba magunia kabla kidonda hakijapona.

Na usiyemudu kisu usidhani huna kazi. Mgonjwa wa matende anahitaji kufundishwa kuosha mguu kila siku kwa sabuni na maji safi, kukausha katikati ya vidole, kutibu michubuko na kuinua mguu anapopumzika. Maji, beseni, kiti na mtu mwenye subira vinatosha, na homa za mara kwa mara za mguu hupungua. Kwa maoni yangu, meza hiyo ya mabeseni inastahili heshima sawa na meza ya upasuaji.

Ukitaka kujitolea, anza kwa Mganga Mkuu wa Halmashauri, na kama wewe ni daktari uliyesomea nje, hakikisha usajili wako kwa Baraza la Madaktari Tanganyika. Nawe msomaji mwenye baba, mjomba au babu anayefunga msuli kwa namna ya kuficha, usimngojeshe kambi. Mpeleke zahanati wiki hii, aandikiwe rufaa.