Hisa za memori kadi: tazama chipu kabla ya kifaa

Machi 2000, kampuni ya Palm ya Marekani iliuza hisa kwa umma kwa dola 38, na siku hiyo hiyo soko likafungwa bei ikiwa imepita dola 95. Kila mwenye akiba alitaka kumiliki japo kidogo biashara ya kompyuta za mkononi. Miaka 10 baadaye HP iliichukua Palm kwa dola bilioni 1.2 tu.

Wajanja walikuwa wameangalia kando, kwenye kitundu cha Palm m500 ya mwaka 2001. Humo iliingia kadi ya SD, kazi ya SanDisk, Toshiba na Matsushita. Hesabu yao: ashinde nani kwenye vifaa, kadi zitauzika. Ziliuzika kweli, lakini si kila mtengenezaji alineemeka.

Lexar, kwa mfano, ilikuwa na jina kubwa kwa wapiga picha ila haikuwa na kiwanda cha chipu. Ilinunua kwa wengine. Mwaka 2006 ikamezwa na Micron, mtengenezaji wa chipu. SanDisk, kinyume chake, ilikuwa na hataza zilizoiletea mrabaha hata kutoka kwa Samsung, na ubia na Toshiba katika viwanda vya Yokkaichi, Japani.

Hata hivyo nayo ilionja joto ya jiwe. Kiwanda cha chipu hugharimu mabilioni na huchukua miaka kukamilika, kwa hiyo bei ikipanda wote hujenga kwa pamoja, kama wakulima wa vitunguu wa Mang'ola, na mzigo hufika sokoni siku moja, bei ikaporomoka. Septemba 2008 Samsung ilitaka kuinunua SanDisk kwa dola 26 kwa hisa, wakurugenzi wakakataa. Kabla ya mwaka kwisha hisa ilikuwa chini ya dola 10, ingawa watu walikuwa bado wananunua kadi. Aliyevumilia alilipwa: mwaka 2015 Western Digital ilitangaza kuinunua kwa takriban dola bilioni 19.

Simu nazo zilianza kuziba kitundu. iPhone ya 2007 haikuwa nacho kabisa, na Galaxy S6 ya 2015 ikakiondoa. Huku kwetu memori kadi iliendelea kuishi kwa mafundi wa kujaza nyimbo, pamoja na zile feki zilizoandikwa GB 64 zenye nafasi ya 8, ambazo faili za mwisho hazifunguki.

Sasa kompyuta za michezo za mkononi zimerudisha hamu. Steam Deck inatumia microSD, na Nintendo Switch 2 ya Juni 2025 inadai microSD Express kwa kuhifadhi michezo. SanDisk nayo ilitengana na Western Digital Februari 2025 na kurudi kwenye soko la hisa la Nasdaq. Mimi nisingenunua hisa hizo kwa sababu Switch inauzika. Ningefungua kwanza taarifa ya robo mwaka, nione bei ya chipu kwa kila GB inaelekea wapi, shehena iliyolala ghalani ni kiasi gani, na washindani wanajenga viwanda vingapi.