Kemshafti ya Marehemu Kaka

Ndugu na wanangu, marehemu kaka yangu alituachia Morris Minor yake, injini ikiwa imefunguliwa. Mwaka huu mjukuu wangu aliitoa kemshafti sandukuni, imeshika kutu nyekundu, naye tayari ana msasa mkononi. Nikamwambia, "Ngoja kwanza, bwana mdogo."

Shafti hii ina nundu 8, moja kwa kila vali, nayo huzunguka mara 1 kila krenki izungukapo mara 2. Uso wa nundu umefanywa mgumu. Msasa mkali huula, na umbo likipotea vali hazifunguki sawasawa.

Tuliilaza usiku kucha katika mafuta ya taa, asubuhi tukaisugua taratibu kwa sufi laini ya chuma, tukaifuta. Kisha nikapitisha ukucha juu ya kila nundu. Ukucha ukikwama, pana shimo, na shafti hiyo haifai tena. Roho yangu ilikuwa juu mpaka nundu ya 8. Haukukwama.

Tukaipaka oili. Tapeti nazo tumezitia namba, kila moja irudi kwenye nundu yake, kwani zimekwisha zoeana.

Jamaa, kitu cha wazee msikitupe kwa kutu ya juu. Kipimeni kwanza.