Mto Kilombero na Mafuriko Yake

Leo tutajifunza habari za Mto Kilombero, katika Mkoa wa Morogoro, Tanzania.

Bonde la Kilombero liko kati ya milima ya Udzungwa, upande wa kaskazini magharibi, na milima ya Mahenge, upande wa kusini mashariki. Mvua ikinyesha milimani, mito mingi hushuka bondeni. Lakini bonde ni tambarare, kwa hiyo maji hayawezi kwenda mbio. Wakati wa masika mto hufurika, na sehemu kubwa ya bonde huwa kama ziwa. Kisha maji huteremka polepole mpaka Mto Rufiji, ambao hupata zaidi ya nusu ya maji yake kutoka Kilombero.

Je, mafuriko haya ni hasara tupu? Sivyo. Maji huleta udongo wenye rutuba, na mpunga hustawi. Kambale na samaki wengine huingia katika majani yaliyofunikwa na maji, wakazaa huko. Basi samaki anayevuliwa kiangazi alizaliwa masika.

Sasa mtazameni sheshe. Huyu ni mnyama wa jamii ya swala, mwenye rangi ya dhahabu. Dume tu ndiye mwenye pembe. Maji yakipanda, sheshe hurudi nyuma mpaka ukingoni mwa bonde. Maji yakishuka, huyafuata tena, maana majani mabichi huchipua pale maji yalipoondoka.

Hapa ndipo penye shida. Ukingo wa bonde ni mkavu wakati wa mafuriko, na sisi watu twapapenda mahali hapo kwa nyumba, mashamba na ng'ombe. Pakijaa, sheshe aende wapi? Mbele yake ni maji, nyuma yake ni shamba. Zamani walikuwa maelfu mengi. Sasa wamepungua sana. Mwaka 2002 bonde hili liliandikwa katika orodha ya dunia ya ardhi oevu zenye thamani kubwa. Lakini orodha haimpi mnyama njia. Njia huachwa na watu wa kijiji wanapokubaliana mpaka wa mashamba yao.

Maswali ya kuzungumza darasani:

1. Kwa nini maji hukaa bondeni muda mrefu?
2. Mafuriko humsaidiaje mvuvi?
3. Katika kijiji chenu, wanyama wameachiwa njia gani?

Kwaherini, mpaka somo lijalo.