Istilahi za Misingi ya Mafunzo ya Uuguzi: Mfano wa Peramiho

Kwa desturi mtaala wa chuo cha uuguzi hutanguliwa na maelezo mafupi yanayoeleza chuo kinaamini nini juu ya binadamu, afya na maradhi, na kinakusudia kumtoa mhitimu wa namna gani. Maelezo hayo huandikwa kwa Kiingereza, kwa kuwa ndiyo lugha ya kufundishia. Lakini mwanafunzi akishatoka darasani na kuingia wodini, ni nadra kumpata mtu wa kumhudumia kwa Kiingereza. Huko Peramiho, kiasi cha kilomita 24 magharibi ya mji wa Songea, jambo hili ni dhahiri. Mafunzo ya uuguzi hutolewa pamoja na kazi za Hospitali ya Mtakatifu Yosefu, na wengi wa wagonjwa wamekulia katika Kingoni, Kimatengo, Kindendeule na lugha nyingine. Kiswahili ndicho kinachowakutanisha na wauguzi. Makala haya yanazijadili istilahi chache za misingi hiyo kwa kipimo kimoja: je, neno laweza kutamkwa mbele ya kitanda cha mgonjwa, naye akalielewa kama lilivyokusudiwa?

Tuanze na lile linaloeleza kazi ambayo chuo kimejitwika. Mfasiri asiyejihadhari ataandika "misheni". Peramiho neno hilo lina mwenyewe: ni makazi yaliyoanzishwa na Wabenediktini wa Mtakatifu Ottilien mwaka 1898, pamoja na kanisa na karakana zake. Wengine hupendelea "dhamira", ambayo walimu wa fasihi wamekwisha kuitwaa. "Dhima" yafaa zaidi, maana dhima ni jukumu ambalo mtu huulizwa amelitimizaje.

Kuhusu misingi yenyewe, maneno yanayoshindana ni kanuni, miongozo, miiko na misingi. Kanuni ni mali ya wanasheria: hutungwa na waziri chini ya sheria iliyopitishwa na Bunge, na anayezivunja huadhibiwa. Mwongozo bado unabeba mwangwi wa Mwongozo wa TANU wa 1971, na miiko mwangwi wa miiko ya uongozi ya Azimio la Arusha la 1967; tena miiko hueleza yasiyotendwa tu. Misingi ndiyo hubeba jengo, nalo ndilo neno tunalolipendekeza.

Sasa tufikie neno "uuguzi", ambalo lina utajiri usiotazamwa sana. Kuugua ni kushikwa na maradhi. Kwa umbo, kuuguza ni kauli ya kusababisha, na mgeni wa lugha angedhani maana yake ni kumtia mtu ugonjwa. Lakini Waswahili wameifanya iwe kukaa na mgonjwa na kumwangalia hadi apone au afariki. Ipo pia kuuguliwa: mtu husema "nimeuguliwa na mtoto", maana ugonjwa wa mtoto umemfika naye. Hivyo mzizi huu mmoja unawashika mgonjwa, anayemtunza na nyumba yao. Hakuna somo la darasani linaloeleza vyema zaidi kwa nini ndugu huambatana na mgonjwa hospitalini, wakampikia na kumfulia. Nao husema wamekuja kuuguza. Kwa hiyo kando ya kitanda kimoja huwapo wauguzi wawili, mmoja wa cheti na mmoja wa damu. Mtaala unaosema muuguzi ashirikiane na jamaa wa mgonjwa hauleti jambo geni.

Yupo atakayesema kwamba neno ni finyu. Mwaka 1973 Baraza la Kimataifa la Wauguzi lilitaja majukumu manne: kukuza afya, kuzuia maradhi, kurejesha afya na kupunguza mateso. Mawili ya kwanza yanamhusu hata mzima, naye haugui. Hoja hiyo ni ya haki, lakini maana ya neno hukua pamoja na kazi, na Sheria ya Uuguzi na Ukunga ya mwaka 2010 imekwisha kulithibitisha. "Nesi" libaki katika mazungumzo. "Sista" lina taabu yake Peramiho, ambako huenda anayeitwa akawa mtawa asiyeshika sindano kamwe.

Taabu kubwa zaidi ni "mteja". Nia ya wanaolileta ni njema: mjamzito aliyekuja kupimwa si mgonjwa, na anayehudumiwa ana haki ya kuuliza na kukataa. Hata hivyo, mteja wa sokoni ana fedha mkononi; mteja wa ngoma za pepo huko pwani yuko chini ya mganga; na mteja wa simu, kama tujuavyo sote, hapatikani. Asiye na nauli ya kurudi kijijini akiitwa mteja, atafikiri anadaiwa. Katika maandishi ya jumla "mhudumiwa" latosha. Wodini aitwe mgonjwa, mjamzito au mzazi, kwa kadiri ya hali yake.

Yamebaki maneno matatu ambayo wafasiri huyachanganya. Siri ni habari, faragha ni mahali au hali. Muuguzi aweza kuitunza siri ya mgonjwa huku akimfunua mbele ya wodi nzima. Akiambiwa kwamba amekiuka "usiri", hatajua kosa lake ni lipi. La tatu ni ukubali wa mgonjwa kabla ya kupasuliwa. "Idhini" hutolewa na mwenye mamlaka. "Ruhusa" hospitalini husafiri upande mmoja tu: mgonjwa hupewa ruhusa na kurudi kwao. "Ridhaa" ndilo neno, kwa kuwa hutoka kwa mtu mwenyewe. Lakini "ndiyo" ya adabu anayoitikiwa mkubwa bado si ridhaa. Kwa hiyo fomu iandike wazi, kwa mpangilio huu: nimeelezwa, nimeelewa, nakubali. Na anayetia dole gumba badala ya saini asomewe maneno hayo kwa sauti kabla ya kugusa wino.